BS 8110 au Eurocode kwa ghorofa tatu Mbagala?

Ndugu, nimekuelewa: umehitimu juzi, umepewa ghorofa tatu Mbagala, na kwenye simu una viwango viwili vya kusanifu majengo ya zege, BS 8110 ya Uingereza na Eurocode 2 ya Ulaya, unadokoa huku na huku. Tafadhali usizichanganye. Shika moja, kuanzia mzigo wa kwanza hadi nondo ya mwisho. BS 8110 iliondolewa Uingereza mwaka 2010. Kazi mpya mimi ningeifanya kwa Eurocode.

Hatari iko hapa. C25 ya BS ni nguvu ya zege (N/mm²) ikipimwa kwa sampuli ya mchemraba. Kwenye Eurocode, C25/30 maana yake silinda 25, mchemraba 30. Ukiisoma ile 25 kama ya silinda, umejihesabia zege ambalo saiti halipo. C25 yako ya BS, kwa Eurocode ni C20/25. Mizigo nayo huzidishwa kwa usalama, wa kudumu kisha wa matumizi: kule BS 1.4 na 1.6, huku Eurocode 1.35 na 1.5. Niliwahi kukuta boriti yenye mizigo ya huku na fomula za kule. Tuliirudia yote, na roho ilinidunda.

Nakala ya kiwango isiyoonyesha mwaka wala marekebisho, iache. Viwango vya saruji na nondo ulizia Shirika la Viwango Tanzania (TBS), pale Ubungo. Udongo upimwe, usikisie. Na michoro isiende saiti kabla mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi hajaipitia na kusaini.