Mkono wa kushoto wa Bob Cousy

Wadogo zangu mnaoanza kucheza mpira wa kikapu nafasi ya gadi, yaani mchezaji anayedunda mpira na kuwagawia wenzake, karibu kila wiki naona kijana mpya anaingia uwanjani na jambo la kwanza analotaka ni kuupitisha mpira nyuma ya mgongo. Sikatazi. Ila nataka mjue mbinu ile ilimjiaje Bob Cousy, gadi wa Marekani, maana mimi niliiga miaka miwili mizima bila kujua, na muda ule haurudi.

Bob Cousy alizaliwa New York mwaka 1928, wazazi wake wahamiaji kutoka Ufaransa. Sekondari, kule Queens, alijaribu kuingia timu ya shule, akaachwa. Mwaka uliofuata akaachwa tena. Tena akaanguka kutoka juu ya mti, akavunjika mkono wa kulia. Hakungoja upone. Alirudi uwanjani na ule wa kushoto, akadunda nao, akarusha nao, mpaka ukazoea. Kocha alipomwona anatumia mikono yote miwili, ndipo alipomwita.

Sasa njooni Januari 1949. Cousy yuko chuo cha Holy Cross, wanacheza na Loyola ya Chicago, mechi inakaribia kwisha. Anayemkaba amemziba upande wa kulia, hapitiki. Mpira ukazunguka nyuma ya mgongo, ukadakwa na mkono wa kushoto, na mkono huohuo ukafunga. Hakuwahi kuifanyia mazoezi mbinu ile. Alichokuwa nacho ni mkono wa kushoto ulio tayari kuupokea mpira. Ninyi mnatazama mgongo; tazameni mpira unapofikia.

Nilipolielewa hilo nilianza upya. Mkono wa kulia niliuchomeka kwenye mkanda wa kaptula, nikadunda kwa kushoto kutoka goli hadi goli, nusu saa kila jioni. Mwanzoni mpira ulinigonga kidole cha mguu na kukimbilia mtaroni. Mwezi wa tatu nikashtuka kwamba siutazami tena mpira, nawatazama wenzangu. Hiyo ndiyo faida yenyewe. Gadi akiinamia mpira haoni mtu aliye wazi. Cousy aliongoza NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, kwa pasi za mabao misimu 8 mfululizo, na pasi hizo zilianzia machoni.

Msidhani alipokelewa kwa shangwe. Mwaka 1950 klabu iliyokuwa na haki naye ilivunjika, majina ya wachezaji watatu yakatiwa kwenye kofia, timu ya Boston Celtics wakaokota la Cousy wakati walimtaka mwingine. Alikaa nao hadi 1963 na kuchukua ubingwa mara 6.

Jambo moja zaidi, na hili nalisisitiza kuliko yote. Machi 1953, mechi ya mtoano dhidi ya Syracuse ilikwenda hadi muda wa nyongeza wa nne. Cousy alifunga pointi 50, na 30 kati ya hizo zilitoka kwenye mitupo huru, ile anayopewa mchezaji aliyefanyiwa faulo, akiwa amerusha 32. Hebu fikirini miguu ilivyokuwa kufikia saa ile. Wengi wenu mnarusha mitupo huru mnapofika tu, mwili ukiwa mbichi, kisha mnashangaa mechini mpira haufiki kwenye pete. Kuanzia Jumamosi tutairusha mwisho wa mazoezi, baada ya mbio za mwisho, kabla mtu hajagusa chupa ya maji. Kumi kila mmoja. Anayekosa miwili mfululizo anaanza kuhesabu upya.