Muulize Mjomba: Bibi haoni, roboti litamsaidia?

*Shikamoo Mjomba. Niko Kongwa, namlea bibi yangu, vikope vimemharibu macho, la kushoto halioni kabisa na la kulia anaona kama ukungu, kope zikimchoma anazing'oa na kibanio. Kuna kijana anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) katuambia vyuo vya nje vimetengeneza roboti la kumuongoza kipofu na simu inayomsomea vitu. Ni kweli au ndo stori za vijana? – Mjukuu, Kongwa*

Marahaba mpwa wangu. Ni kweli, ila tuanze na lile jicho la kulia maana hilo halisubiri roboti. Kope zikigeukia ndani, kila bibi akipepesa zinamkwangua kioo cha jicho, na kovu likishakaa pale hakuna kompyuta ya kulifuta. Kung'oa ni nafuu ya muda tu, zinaota tena, fupi na ngumu, ndo zinachoma zaidi. Kuna operesheni ndogo ya kunyoosha ukingo wa kope, anachomwa ganzi na anarudi nyumbani siku hiyohiyo, mara nyingi inafanywa na manesi waliosomea kazi hiyo. Mpeleke hospitali ya wilaya wamuone. Na watoto hapo nyumbani wanawishwe nyuso, tena huo ni utafiti wa chuo kikuu uliofanyika hapohapo kwenu, watu wa Johns Hopkins ya Marekani wanafuatilia vikope Kongwa tangu miaka ya 1980, na mwaka 1995 walichapisha kwamba vijiji vilivyohamasishwa kunawisha watoto pamoja na kupewa dawa, vikope vikali vilipungua kuliko vile vilivyopewa dawa peke yake.

Haya, roboti sasa. Chuo cha Carnegie Mellon, Marekani, amefanya kazi mtafiti Chieko Asakawa, Mjapani, mwenyewe haoni tangu akiwa na miaka 14 baada ya kuumia kwenye bwawa la kuogelea. Yeye na wenzake wametengeneza sanduku la safari, lilelile la magurudumu unaloliona stendi, ndani wameweka kamera na kifaa cha kupima umbali kwa leza, unashika mpini linatangulia, mtu akikatiza linamkwepa, na mpini unatetemeka kukuonesha upande wa kukata kona. Zuri kweli kwenye sakafu laini. Kwenye mchanga wa korongo la kwenu na ile miiba litakwama hata kisimani halijafika, kwa hiyo bibi aendelee na fimbo na mkono wako.

Simu ndo yenye matumaini. Programu kama Seeing AI ya Microsoft na Lookout ya Google zinasoma maandishi na kutaja vitu vilivyo mbele ya kamera, na hazilipiwi. Tatizo ni kwamba bibi anaongea Kigogo, simu ikianza kumtwanga Kiingereza ataizima na kuilaza chini ya mto.

*Mjomba mambo vipi. Nasoma pale CIVE, chuo cha kompyuta cha UDOM, mwaka wa mwisho, nataka projekti yangu iwe roboti la kusaidia wasioona ila vifaa ghali na supavaiza ananiambia nipunguze ukubwa wa kazi. Nikomae? – Dogo wa Chimwaga*

Poa dogo. Supavaiza wako yuko sahihi, achana na roboti, fanya programu ya simu ya kutambua noti za pesa. Mtu asiyeona akipewa chenji anajuaje hii ni ya simba, elfu mbili, au ya tembo, elfu kumi? Hapo ndo penye maumivu ya kila siku na kifaa unacho mfukoni.

Ila picha zako zisiwe noti mpya umezilaza mezani. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitoa mkusanyiko wa VizWiz, maswali zaidi ya 31,000 ya watu wasioona pamoja na picha walizopiga wenyewe, ukiziangalia unakuta ukungu, kidole kimeziba kamera, kopo limekatwa nusu, na kompyuta zilizozoea picha nzuri nzuri zilichemka vibaya. Kwa hiyo wewe piga noti iliyotoka kwenye pindo la khanga, imekunjwa mara nne na ina jasho, piga jioni kibandani taa yenyewe hafifu, piga dole gumba likiwa limemfunika simba kichwa. Halafu chukua modeli ndogo ya kutambua picha iliyokwisha kufundishwa kama MobileNet, ifundishe upya sehemu ya mwisho tu kwa picha zako, itakaa kwenye simu na kufanya kazi bila bando.

Na uifundishe kukataa, hili naona wengi wanalipuuza. Ikiwa haina uhakika iseme "sijaiona vizuri, igeuze", isibahatishe, maana ikikosea hapo mtu kapoteza elfu nane. Ila ikikataa kila saa nayo haifai, Google walipopeleka akili mnemba yao ya kusoma picha za macho kwenye kliniki za Thailand, ripoti ya 2020 inaonesha zaidi ya picha 1 kati ya 5 zilikataliwa, vyumba vingine havikuwa na giza la kutosha na manesi walibaki na foleni. Ukimaliza usiijaribu na marafiki zako wamefumba macho, nenda shule ya wasioona ya Buigiri, omba ruhusa ya uongozi, kaa na wenyewe wakupe makavu.

*Mjomba, ile programu ya kupiga picha jani la mahindi inaona viwavijeshi kweli au tunaibiwa bando? – Mkulima, Kibaigwa*

Huibiwi. Inaitwa Nuru, ni ya chuo cha Pennsylvania State wakishirikiana na FAO, ilianza na magonjwa ya mihogo ikajifunzia picha za mihogo ya Tanzania hii hii, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Ila shuka kwenye pikipiki, isogelee mimea, piga jani lenyewe, siyo shamba zima.