Ukileta mchezo wako wa Go tuupitie

Wengi mnaoanza Go, mchezo wa ubao wa kuzingira maeneo kwa mawe yanayowekwa kwenye makutano ya mistari, hapa Dodoma mmetokea kwenye drafti. Mmekuja na utulivu na mazoea ya kuona mbele, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mmekuja pia na njaa ya kula, nami naikuta karibu katika kila mchezo wa mgeni. Kwenye drafti kula ni lazima. Kwenye Go hakuna anayekulazimisha, na mara nyingi jiwe la mpinzani lililokwisha kuzingirwa linaachwa papo hapo, ukaenda kucheza penye faida zaidi.

Tukikaa kupitia mchezo, nitakuuliza kila mara: hapa ulitaka nini? Jibu lolote linanisaidia, hata kama mpango wenyewe ulikuwa mbovu. Jibu linalonipa wasiwasi ni "yeye aliweka pale, nami nikamfuata." Kama hatua kumi mfululizo ulikuwa unamfuata, basi mchezo huo aliucheza yeye peke yake.

Sasa sikiliza hili vizuri. Umepoteza mawe manane ukingoni, na unaninyooshea kidole hatua ya mwisho ukisema kosa liko hapo. Mimi nitayaondoa mawe moja moja mpaka tufike pale lilipokuwa jiwe moja tu, limebakiwa na pumzi moja, yaani makutano matupu ya mwisho yanayoligusa; yakizibwa, linaliwa. Ulilikimbiza, likapata pumzi mbili; akaziba moja. Ukalikimbiza tena, akaziba tena, mkashuka hivyo kwa mshazari mpaka ubao ukaisha. Hiyo ndiyo ngazi. Kabla ya kukimbia ilikupasa kutazama njia yote iliyo mbele: kuna jiwe lako la kulipokea lile linalokimbia? Kama halipo, liache life. Jiwe moja linauma kidogo. Manane yanakumalizia mchezo. Ndiyo maana kosa nalitafuta mapema, kabla maumivu hayajaonekana.

Kuhusu mwanzo wa mchezo sina mengi. Kuzungushia eneo la makutano tisa kwenye kona kunataka mawe 6, pembeni 9, katikati 12. Anzia kona.

Msiwe na haraka ya kuingiza michezo yenu kwenye programu ya kompyuta ya kucheza Go kama KataGo. Ni ya bure na ina nguvu kuliko sisi sote, lakini inakupa asilimia ya kushinda na hatua bora bila kukwambia sababu kwa lugha ya binadamu. Mgeni anaona hatua hamsini zimewekewa alama ya kosa, anakata tamaa. Mimi nachagua tatu tu. Kwa kiwango chenu, tatu zikiingia vizuri zinatosha wiki nzima.

Ubao usiwe kisingizio. Chora mistari 9 kwa 9 kwenye kipande cha boksi, tumia vizibo vya soda, vya mmoja vimefunikwa na vya mwenzake vimelala chali. Hatua ziandike kwa namba kwenye karatasi ya daftari, maana mchezo usioandikwa tutabishana tu nani aliweka wapi.

Na mpinzani wako aje pia. Tukirudisha mawe hadi pale palipoharibika, mtacheza upya kuanzia hapo, naye atatuambia ni wapi aliogopa ambapo wewe hukupaona.