Barua kwa mwanangu: kisutu na daftari

Mwanangu,

Asalamu aleikum. Kwetu wazima, alhamdulillahi. Bibi yako mguu umempoa, anauliza utakuja lini.

Nimesoma ujumbe wako. Unasema wenzako wa chuo wamemchagua yule kijana wa Makunduchi awe mwongozaji wa filamu yenu fupi, wewe wakakupa daftari la kuandika kila kipande kilivyopigwa. Je, ukubali au ujitoe utafute timu nyingine? Nitakujibu. Lakini kwanza niambie, ile sehemu ya mama anayemsubiri mwanawe pwani, mliyosema mtakuja kuipiga hapa Jambiani "asubuhi", ni asubuhi ipi? Ya bamvua, maji yakitoka mbali, au ya maji mafu, yasipotoka sana?

Kisa cha wale waliokuja kupiga filamu hapa ulipokuwa mdogo umekisikia kwa baba yako, na baba yako hukisimulia kwa kuchekesha watu. Sasa kisikie kwangu.

Walitaka mwanamke mkulima wa mwani, wakanichagua mimi. Ilikuwa bamvua la mwezi mpevu, saa nne asubuhi maji yamepwa mbali, vigingi na kamba vyote viko nje. Nikajifunga kanga yangu ya kisutu, nikapita mbele ya kamera na gunia tupu kichwani. Nikarudishwa, nikapita tena, na tena, mpaka mwongozaji akaridhika. Wakaondoka kwenda kupiga vipande vya ndani mjini. Baada ya wiki wakarudi, saa nne ile ile, wanipige nikitoka shambani na mwani. Wakakuta maji yamejaa! Wakabaki wanatazamana. Si wangeniuliza? Maji kila siku yanachelewa kama dakika 50; ukiacha wiki ipite, palipokuwa pakavu pana kina. Hilo hata mtoto wa hapa analijua. Wakangoja mpaka alasiri, na alasiri jua limeshahamia upande wa minazi, vivuli vimegeuka.

Halafu kanga. Hakuna aliyeniambia nije na ile ile, wala hakuna aliyeandika siku ile nilivaa nini. Nikaja na ya buluu. Mwongozaji akanifokea mbele ya watu, shangazi yako yupo, eti mama unatuharibia kazi. Mimi! Na kisutu kimo sandukuni, nyumba ile pale inaonekana. Akapiga hivyo hivyo kwa kuwa jua linamkimbia.

Julai tukaenda Ngome Kongwe mjini, kwenye lile tamasha la filamu, Tamasha la Nchi za Jahazi, wewe umelala mapajani mwangu. Nikajiona kwenye pazia, mkubwa kama nyumba. Nisikufiche, nilifurahi mpaka mikono ikanitetemeka. Naenda shambani na kisutu, kufumba na kufumbua narudi na buluu. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu kabadilishia nguo baharini?" Safu nzima ikacheka. Mwisho majina yakapita, la mwongozaji kwa herufi kubwa, langu halimo. Lakini hilo si kitu. Ni kitu, ila tuliache.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Unanijua, nalisema kila siku, na ushirika wetu wa mwani umesimama kwa neno hilo. Ulinieleza mwenyewe Idi iliyopita kwamba filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi, mwisho unaweza kupigwa mwanzo, na mtu akishika kikombe kwa mkono wa kulia basi hata mkirudia mara saba kiwe mkono huo huo. Sasa nani anayekumbuka mkono? Mwongozaji anatazama uso wa mwigizaji, wa kamera anatazama mwanga, wa sauti anagombana na majogoo. Mwenye daftari ndiye pekee anayeiona hadithi nzima.

Lakini na mimi nafsi yangu inanisuta. Miaka yote nimekuwa katibu. Magunia nimepima mimi, hesabu nimeandika mimi, na akija mgeni rasmi anayeitwa mbele ni mwenyekiti. Inauma, mwanangu, na sitaki ulizoee hilo kwa sababu tu mama yako amelizoea. Yule kijana ameshinda kwa kura au kwa sauti kubwa? Hukuniambia. Kama ni kura, hilo ni jambo jingine.

Kwa hiyo sikwambii ukubali, wala sikwambii ujitoe. Ulimi unaniwasha, lakini nimemuahidi baba yako kwamba safari hii nitanyamaza.

Nitumie tarehe tu. Mkitaka pwani iwe kavu asubuhi, njooni mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mpige vipande vyote vya mama siku zinazofuatana, na mwambie huyo mwigizaji wenu kanga asiifue mpaka mmalize. Chakula cha timu nitapika mimi. Mko wangapi?

Mama yako