Kwa nini 3x = 18 haileti x = 15?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninajisomea hisabati ili nifanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilifundishwa kwamba namba ikivuka alama ya usawa hubadili alama yake. Katika mlinganyo 5x − 7 = 2x + 11 nilifika 3x = 18, nikaivusha 3, nikapata x = 18 − 3, yaani 15. Jibu la kitabuni ni 6. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hatua zako hadi 3x = 18 ni sahihi. Kilichokupotosha ni kanuni ya kuvusha, ambayo ningependa iachwe kufundishwa, kwa sababu humfanya mwanafunzi akariri kinachoonekana kwenye karatasi bila kuelewa kilichofanyika. Hakuna namba inayovuka. Mlinganyo ni mizani iliyotulia: unalotenda upande mmoja, sharti ulitende na upande wa pili. Ile −7 ilitoweka kushoto kwa sababu ulijumlisha 7 pande zote mbili, na 2x ikatoweka kulia kwa sababu uliitoa pande zote mbili. Neno aljebra lenyewe limetokana na al-jabr, jina ambalo mwanahisabati al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, aliipa hatua hiyo ya kurudisha kilichopunguzwa.

Sasa itazame 3x. Hapo 3 haikujumlishwa na x, bali imeizidisha; ukitoa 3 pande zote utapata 3x − 3 = 15, ambayo ni kweli lakini haikufikishi popote. Kinachotangua kuzidisha ni kugawanya, kwa hiyo gawanya pande zote kwa 3, upate x = 6. Lau ingekuwa −3x = 18, ungegawanya kwa −3, pamoja na alama yake, ukapata −6.

Zingatia pia kwamba MAGAZIJUTO, yaani mpangilio wa mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa, hutuongoza katika kukokotoa, ilhali katika kutafuta x tunaanza kutangua tendo lililofanyika mwisho. Katika x/4 − 2 = 3, jumlisha 2 kwanza, upate x/4 = 5, kisha zidisha kwa 4, upate 20. Kuanza na kuzidisha si kosa, mradi na ile 2 izidishwe; wengi huisahau, wakaandika x − 2 = 12.

Kabla ya kuliacha swali, rudisha jibu lako katika mlinganyo wa mwanzo. Ukiweka 15, kushoto utapata 68 na kulia 41. Ukiweka 6, pande zote zitakupa 23.