Je, mshahara wangu wote utaishia kwa dada wa kazi?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Ninaishi Tanga na nina mtoto wa miezi saba. Kabla ya kujifungua nilikuwa mtunza hesabu, na sasa nimepata nafasi katika duka la vifaa vya ujenzi kwa mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi. Mume wangu anasema nikitoa 100,000 za dada wa kazi, 60,000 za chakula chake na 80,000 za nauli na chakula changu cha mchana, ninabaki na 160,000, fedha ambazo haoni sababu ya kumwachisha mtoto ziwa kwa ajili yake. Mama mkwe naye anasema mke wa mtu hashindi nje kutwa, watu watadhani mumewe ameshindwa kumtunza. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mumeo amejumlisha sawasawa, ila ameanzia pasipo pake. Mtoto ni wenu wawili. Kwa nini basi gharama ya malezi ikatwe katika mshahara wako peke yake? Yeye pia hupanda daladala na hula mchana, na hakuna anayemuuliza kama kazi yake inalipa. Kaeni chini muandike upya: mapato ya nyumba yote kwa pamoja, kisha matumizi yote, ya dada yakiwemo. Tena kumbukeni kwamba miaka hii ya mwanzo ndiyo mizito. Mtoto akianza shule mzigo wa malezi hupungua, ilhali mtunza hesabu aliyekaa nyumbani miaka mitano hurudi akakuta wenzake wamepanda na yeye anadaiwa uzoefu wa karibuni. Na huyo dada msimtafute miongoni mwa watoto wanaopaswa kuwa darasani; awe mtu mzima, mwenye ujira mliokubaliana na siku yake ya mapumziko.

Kuhusu ziwa, wengi wanajua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wachache wanajua kwamba kifungu hicho hicho cha 33 kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili za kazi kwa siku kumnyonyesha mtoto. Nimewahi kumkuta mama akikamua maziwa stoo, katikati ya mifuko ya saruji, mlango ameuzuia kwa mgongo kwa sababu haukuwa na komeo, naye hakujua kwamba muda ule ulikuwa haki yake. Iliniuma sana.

Mama mkwe usimjibu kwa ukali. Alfajiri pale Ngamiani kina mama hukaa barazani na karai la vitumbua, na hakuna anayesema waume zao wameshindwa. Kwa hiyo nadhani kinachomsumbua si fedha ya mwanamke, bali ni kutokuwepo kwako nyumbani na mjukuu wake kubaki na mgeni. Muulize kwa upole, na ikiwezekana mwombe awe anapita mchana kumwangalia mtoto. Mumeo naye ajue kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 wajibu wa kumtunza mke unabaki wa mume, na mke ana haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Kazi yako haimvui heshima hata kidogo.

Kabla ya kusaini mkataba, omba saa zako za kunyonyesha ziandikwe humo. Dada naye aanze walau wiki mbili kabla yako, ukiwa bado nyumbani, umwone anavyomlisha mtoto, anavyonawa mikono na anavyombembeleza akilia.