Laptopu imenishinda, kikoba nakiendesha kwa simu

Mimi ni katibu wa kikoba hapa Nkuhungu, Dodoma. Kazi zangu za kompyuta ni za kawaida tu, muhtasari wa kikao, barua mbili tatu na lile jedwali la hisa na marejesho. Laptopu nilinunua mtumba, RAM (ile kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4 na hadi diski ile ya kuzunguka, yaani ukiiwasha unaenda kuteka maji unarudi unafagia uwanja bado tu inazungusha duara. Betri ilishakufa kitambo kwahiyo umeme ukikatika na kazi yote imeenda. Sasa huu mwezi wa tatu sijaigusa.

Kabla hujanunua simu achana na habari za kamera, angalia RAM. Yangu ni GB 6, na ukichukua ya GB 2 utalia kilio kilekile cha laptopu. Halafu nenda dukani na waya wa OTG, ule wa kuchomekea fleshi au kibodi kwenye simu, na fleshi, chomeka ujaribu kabla hujatoa hela, maana kuna simu zinakataa. Mimi kibodi ni ileile ya kompyuta ya mezani, nikaichomeka kwa OTG niliyonunua pale Jamatini, Android ikaikubali bila kuweka programu yoyote, na mausi nayo nikaona kamshale kametokea kwenye kioo nikacheka peke yangu kama mwehu. Shida moja, ukichomeka kibodi tundu la chaji limeshaliwa, kwahiyo jaza chaji kwanza au tafuta kibodi ya bluetooth.

Kuandika natumia Google Docs, hesabu Google Sheets, unapewa GB 15 bure ila kumbuka humohumo ndo zinaingia barua pepe na picha. Ukiwa unaenda kijijini washa kabisa ile sehemu ya kutumia faili bila intaneti, mi niliwahi kufika huko Chamwino ndani ndani mtandao hamna nikabaki nashangaa. Uvivu ukinishika naongea tu, kibodi ya Google inasikia Kiswahili tangu 2017, ila bibi akipita akanisalimia kwa Kigogo inaandika maajabu.

Kuprinti ndo niliumia. Nilipeleka faili steshenari, walipofungua kwao jedwali likahama lote, majina huku hela kule. Siku hizi nageuza PDF kwanza, faili ambalo mpangilio wake hauhami. Na fleshi siwapi tena, ilirudi na virusi mafolda yote yamegeuka shotikati. Wengine wanafungua WhatsApp zao kwenye kompyuta ya pale wanasahau kutoka, nimeshakuta mambo ya watu pale jamani, mpaka nikaona aibu mimi.

Jedwali la safu 20 kwenye simu linachosha macho, hapo sikudanganyi, na kama unatumia programu za uhasibu za Windows baki na laptopu yako, ila mwambie fundi atoe hiyo hadi diski aweke SSD, ile diski isiyozunguka, kwanza, huenda hata usihitaji kuhama.

Kikaoni nako kulikua na kazi. Mwenyekiti wetu ni mama mtu mzima, kila nikiandika muhtasari ananikatisha, "Katibu, weka simu chini mwanangu tuanze kikao." Tangu nije na kibodi kaniacha. Kuna Jumapili OTG nilisahau nyumbani, kibodi nikaiweka tu mezani hivohivo, nikaandika kwa vidole kwenye simu, hakuna aliyesema kitu.